Jongoo Yupo, Lakini Ngeli Yake Je?

Majongoo wengi hutoka kwenye yai wakiwa na miguu sita tu. Jozi tatu, basi, na nyuma yake pingili chache zisizo na mguu hata mmoja. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mdudu ni mnyama mwenye miguu sita akiwekewa kichanga huyo chini ya hadubini, atajibu bila kusita: mdudu. Kisha kichanga atajivua gamba na kuongeza pingili na miguu, atajivua tena na kuongeza tena, mpaka siku moja ya masika akatize njia akiwa na miguu mia mbili na ushei. Hakugeuka mnyama mwingine katikati. Alikuwa jongoo tangu ndani ya yai.

Jambo hilo dogo linatosha kumnyima mwanafalsafa usingizi. Ikiwa si wingi wa miguu, ni nini hasa kinachomfanya jongoo awe jongoo? Na kundi zima la majongoo, ambalo wataalamu huliita ngeli ya Diplopoda, je, lilikuwapo duniani likisubiri kugunduliwa, au ni mstari uliochorwa na binadamu wanaopenda kupanga mambo?

Swali hili ni la kale kuliko baiolojia yenyewe. Katika karne ya 3 Porphyry, mwanafalsafa mzaliwa wa Tiro, aliandika utangulizi mfupi wa mantiki ya Aristotle, Isagoge. Mwanzoni kabisa alitaja maswali matatu. Je, jinsi na aina za vitu zipo zenyewe, au zipo akilini tu? Kama zipo, zina mwili au hazina? Na je, zimejitenga na vitu tunavyoviona au zimo ndani yake? Baada ya kuyataja akasema mambo hayo ni mazito mno kwa kitabu cha wanaoanza, akaendelea na mengine. Ni nadra kitabu cha kiada kuwashughulisha walimu zaidi ya miaka elfu moja kwa sababu mwandishi wake alikataa kujibu. Boethius alikihamishia katika Kilatini, Waarabu wakakisoma katika lugha yao, na kila kizazi kikarudi kwenye maswali yale yale matatu.

Jibu lililo zuri kuliko mengi ni la Ibn Sina (980–1037). Yeye alitumia farasi. Ufarasi, alisema, ukitazamwa wenyewe ni ufarasi tu. Si mmoja wala si wengi, si kitu kilichopo nje wala si wazo lililomo akilini. Hali hizo zote huujia kutoka pembeni. Mweke jongoo mahali pa farasi na fumbo la kichanga linapata nafuu: ujongoo wa mtoto mwenye miguu sita na wa mama yake mwenye mia mbili ni mmoja, kwa sababu hesabu ya miguu haimo katika dhati yake. Linabaki tatizo moja, nalo ni kubwa. Ibn Sina anatuambia dhati ipo, lakini hatuambii jongoo akiwa mkononi, amejikunja na kuacha doa la kahawia kwenye vidole, tutaijuaje dhati hiyo.

Wengine walikata shauri kwamba haipo kabisa. William wa Ockham, mtawa Mfransisko wa Uingereza aliyefariki mwaka 1347, alishikilia kuwa kilichopo duniani ni kitu kimoja kimoja. Huyu na yule na yule. Majina ya jumla ni alama tunazoziweka akilini na vinywani. Karne tatu baadaye John Locke naye alisema kwamba mipaka ya aina za viumbe huwekwa na fahamu za watu kwa kufuata sifa wanazoziona, na mwaka 1749 Buffon wa Ufaransa akafungua kazi yake kubwa ya historia ya viumbe kwa kusema karibu hayo hayo. Kwa watu hawa, kuuliza kama Diplopoda ipo ni kuuliza kama Jumatano ipo.

Na wana hoja. Tazama ni mara ngapi jongoo amepangwa upya na watu wasiokuwa na nia mbaya wala upungufu wa akili. Aristotle alimweka pamoja na tandu, nyuki na nzi katika kundi la wanyama wasio na damu ambao miili yao imekatwa vipande. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinaorodhesha viumbe vitambaavyo ambavyo Waisraeli walikatazwa kuvila: vinavyokwenda kwa tumbo, vinavyokwenda kwa miguu minne, na vyenye miguu mingi. Jongoo anaangukia fungu la tatu. Kurani, katika sura ya An-Nur aya ya 45, inasema kila kiumbe kimeumbwa kwa maji, kisha inataja wanaotambaa kwa matumbo, wanaokwenda kwa miguu miwili na wanaokwenda kwa minne.

Wenye miguu mingi wako wapi? Fakhruddin ar-Razi, mfasiri aliyefariki mwaka 1210, aliliuliza swali hilo waziwazi. Mbona hawakutajwa buibui na nge, na mbona hakutajwa yule mnyama aliyesemwa kuwa ana miguu arobaini na minne? (Huenda alikuwa tandu.) Miongoni mwa majibu aliyoyatoa ni kwamba aya inamalizika kwa kusema Mwenyezi Mungu huumba atakacho, na maneno hayo yanawaingiza wote waliobaki. Inapendeza kumwona mwanachuoni wa dini akikatizwa na mnyama wa miguu arobaini na minne, na asimfukuze.

Al-Jahiz wa Basra naye, karne ya 9, katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, aliwagawa kwa mwendo: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea, wanaotambaa. Na mafakihi wanapozungumzia hasharati hukusanya chini ya jina hilo wanyama wadogo wa ardhini, panya na mijusi wakiwemo. Mwanabaiolojia atashtuka, kwa kuwa panya ana uti wa mgongo na jongoo hana. Lakini fakihi hakuwa akiuliza nani ana uti wa mgongo. Alikuwa akiuliza nini kinaliwa na nini hakiliwi, na kwa swali hilo panya na jongoo wanaweza kukaa chumba kimoja bila kugombana.

Mvuvi wa Pwani pia ana mpango wake. Yule mnyama laini, mviringo na mrefu, anayelala mchangani chini ya maji na ambaye hukaushwa na kusafirishwa kwenda China, ni jongoo bahari. Kwa umbo mvuvi yuko sahihi. Kwa nasaba, mnyama huyo ni wa kundi la kiti cha pweza, na yuko karibu zaidi na mvuvi mwenyewe kuliko na jongoo wa nchi kavu, kwa kuwa kiinitete chake na cha binadamu huanza kujengeka kwa utaratibu mmoja ambao jongoo hanao.

Hadi hapa Ockham anaonekana kushinda. Kila anayepanga ana haja yake, na kila haja inazaa kundi lake. Kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba mipango yote ni sawa kwa kuwa yote imetungwa na watu. Kuna tofauti moja ambayo wanafalsafa wengi wa makundi waliipita haraka: ipo mipango ambayo mnyama hana namna ya kuipinga, na ipo ambayo mnyama anaweza kuivunja. Hakuna ugunduzi wowote kuhusu mwili wa jongoo utakaomkosoa al-Jahiz aliyesema anatambaa. Mpango wa wanabaiolojia ni wa aina nyingine, na historia yake imejaa mapigo.

Carl Linnaeus, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri huko Sweden, aliamini kwamba anasoma ratiba ya Muumba mwenyewe. Spishi, aliandika ujanani, ni nyingi kadiri zilivyoumbwa mwanzoni. Katika toleo la 10 la Systema Naturae, mwaka 1758, majongoo aliowajua aliwapa jenasi moja, Julus, akaiweka ndani ya wadudu, katika oda ya wasio na mabawa. Majirani wa jongoo katika oda hiyo walikuwa chawa, viroboto, buibui, nge na kaa. Ni oda iliyojengwa juu ya kukosa kitu, na kukosa kitu si udugu. Kibaya zaidi, jongoo mmoja mdogo wa Ulaya, mwenye manyoya na mwili laini, alimponyoka Linnaeus kabisa akaingizwa katika jenasi ya tandu. Leo anaitwa Polyxenus lagurus na amerudishwa kwa majongoo.

Mtu aliyeanza kuwatenganisha wanyama hawa alikuwa padri. Pierre André Latreille alifungwa Bordeaux wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na inasimuliwa kuwa aliokolewa na mbawakawa: alimkuta sakafuni gerezani, akamtambua kuwa ni spishi ngeni, daktari wa gereza akashangaa, habari zikamfikia kijana mpenda wadudu mwenye jamaa wenye uwezo, na padri akatolewa. Wengi wa wafungwa wenzake hawakupona. Latreille ndiye aliyewapa majongoo na tandu kundi lao, Myriapoda, miriapodi, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1844 jina Diplopoda likachapishwa kwa ajili ya majongoo peke yao.

Sababu ya kutengwa huko ni nzuri, na inafaa kuangaliwa kwa macho ya karibu. Tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, ana makucha ya sumu yaliyotokana na jozi ya kwanza ya miguu, na ni mwindaji. Jongoo hula majani yaliyooza, na pingili zake nyingi zina jozi mbili mbili za miguu. Si kwamba pingili ya jongoo ni kubwa. Kila pete unayoiona ni pingili mbili zilizoungana wakati kiumbe anakua. Ile ya kwanza nyuma ya kichwa haina mguu, tatu zinazofuata zina jozi moja moja, na kuanzia hapo huja mbili mbili. Tena matundu ya uzazi ya jongoo yako mbele, karibu na jozi ya pili ya miguu. Ya tandu yako mwishoni mwa mwili. Aliyezoea kuwaona wote wawili kama wadudu wa miguu mingi akichungulia ndani hukuta nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani tofauti.

Hata hivyo kwa nini ramani ifanane kwa majongoo wote? Mwaka 1859 Charles Darwin alitoa jibu lililoibadilisha maana ya swali zima: kundi la kweli ni ukoo. Hapo Porphyry angeinua uso. Ukoo si wazo la akilini, wala si sifa inayoelea nje ya wenye sifa. Ni historia. Mtu wa ukoo fulani akizaliwa bila kidole, au akihamia nchi ya mbali na kusahau lugha, bado ni wa ukoo ule, kwa kuwa ukoo haukuwekwa na vidole wala lugha bali na nani alimzaa nani. Mwaka 1974 Mmarekani Michael Ghiselin alilisukuma wazo hilo mpaka mwisho wake: spishi, alisema, si fungu la vitu vinavyofanana bali ni kitu kimoja kinachoenea katika muda, chenye mwanzo na mwisho, na kila mnyama ni sehemu yake. Kwa mtazamo huo kichanga mwenye miguu sita hahitaji dhati yoyote iliyofichika. Alizaliwa na jongoo, basi.

Hili linaipa baiolojia kitu ambacho mpango wa mvuvi na wa fakihi haukuhitaji kuwa nacho: uwezekano wa kukosea. Mfano mmoja unatosha kuonyesha. Kuna majongoo mafupi ambao wakiguswa hujiviringisha na kuwa gololi kamili. Wapo Ulaya, na wapo Afrika Kusini na Madagaska, ambako baadhi hufikia ukubwa wa kushangaza. Chini ya mawe na vyungu vya maua kuna kijidudu kingine kinachojiviringisha vivyo hivyo, chenye rangi ile ile na magamba yale yale mgongoni. Mtoto angewaweka pamoja, na angekuwa na haki. Lakini hesabu miguu: huyu wa pili ana jozi saba tu, na ni wa kundi la kaa na kamba aliyehamia nchi kavu. Gololi mbili, koo mbili. Kufanana kwao kumeletwa na adui mmoja, yaani kila mnyama mwenye mdomo wa kuwatafuna.

Pigo kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1990. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba wadudu na miriapodi ni ndugu wa karibu. Ushahidi ulionekana mzito: wote wana jozi moja ya papasi, wote huvuta hewa kwa mirija midogo inayotoboa ubavuni, wote husafisha taka za mwili kwa vijifuko vya utumbo. Kisha vinasaba vikaanza kusomwa, na vikakataa. Wadudu walitokeza kutoka ndani ya kundi la kaa na kamba. Jongoo akasogezwa nje. Maana yake ni kwamba nzi anayetua juu ya sahani ya uduvi anatua juu ya ndugu zake, na jongoo aliye nje ya mlango ni wa mbali zaidi kwa wote wawili. Mirija ile ya hewa ilizuka mara mbili, kwa sababu wote wawili walilazimika kuishi nje ya maji.

Kama kundi lingekuwa jina tu, nani alilazimisha badiliko hilo? Wanasayansi hawakuamka asubuhi moja wakachoka na mpango wa zamani. Wengi walioufundisha maisha yao yote waliutetea kwa nguvu. Kitu kilicho nje yao kiliwashinda. Hapa ndipo mwandishi huyu anapoachana na Ockham. Ushahidi bora kwamba udugu wa jongoo haukutungwa na binadamu ni kwamba binadamu wameshindwa kuutunga wapendavyo.

Ushindi huo lakini una mipaka, na haki itendeke kwa upande wa pili. Kinachothibitishwa ni udugu; vyeo si sehemu yake. Linnaeus aliwapa majongoo karibu wote jenasi moja. Leo jenasi hiyo imepanda cheo kuwa ngeli nzima yenye oda 16, na hakuna jongoo hata mmoja aliyebadilika kwa kupandishwa huko. Himaya, faila, ngeli, oda, familia ni ngazi za karani. Msitu haujui kwamba kuna oda.

Hata spishi, ambayo wengi huiona kuwa imara, hutegemea karani kuliko inavyodhaniwa. Katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, Henrik Enghoff wa makumbusho ya historia ya viumbe ya Denmark ameeleza majongoo wengi wapya kwa sayansi, katika mfululizo wa makala alioupa jina la mlima wa majongoo. Kwa nje wengi wao wanafanana kiasi cha kukatisha tamaa. Kinachowatofautisha ni miguu ya pete ya saba ya dume, ambayo imegeuka kuwa vyombo vya kupitishia mbegu, na kila spishi ina umbo lake, lenye ndoano, mikunjo na ncha kama za fundi wa fedha. Jike hana vyombo hivyo. Mara nyingi jike aliyekamatwa peke yake huwekwa kwenye chupa na kuandikwa jina la jenasi tu, au la familia, akisubiri dume. Ana ukoo wake kamili, ana spishi yake, lakini kwa sayansi hana jina.

Mwaka 1942 Ernst Mayr alifafanua spishi kuwa ni jumuiya ya wanyama wanaozaana wao kwa wao na kutengana kiuzazi na wengine. Ni fasili nzuri mpaka ikutane tena na yule Polyxenus mwenye manyoya. Kaskazini mwa Ulaya majike wake huzaa bila madume, na madume ni wachache mno. Hakuna anayezaana na mwenzake. Kwa fasili ya Mayr wangekuwa nje ya spishi yoyote, au kila jike angekuwa spishi peke yake. Wataalamu huwahesabu kama spishi moja na kuendelea na kazi, jambo ambalo ni busara, ila ni busara ya karani tena.

Kesi ya udugu wenyewe haijafungwa. Nani ndugu wa karibu zaidi wa jongoo? Kwa kufuata mahali pa matundu ya uzazi na muundo wa mdomo, wengi walimtaja paropodi, mnyama mweupe wa udongoni asiyefika milimita mbili. Vinasaba vya miaka ya karibuni vimeelekeza zaidi kwa tandu. Na mwaka 2024 likatokea jambo jingine. Arthropleura, jitu la misitu ya makaa ya mawe lililofikia urefu wa zaidi ya mita 2 miaka milioni 300 na ushei iliyopita, lilikuwa linajulikana tangu karne ya 19, lakini hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake kizima. Visukuku viwili vya watoto wake kutoka Montceau-les-Mines, Ufaransa, vilipigwa picha za eksirei na vichwa vikaonekana ndani ya jiwe. Mwili ulikuwa wa jongoo, jozi mbili za miguu chini ya kila bamba la mgongo. Taya zilikuwa na muundo wa tandu.

Waliochapisha ugunduzi huo waliuhesabu kuwa unaunga mkono udugu wa jongoo na tandu. Wanaomshikilia paropodi bado wapo, na matundu ya uzazi bado yako mbele. Spishi za majongoo zilizokwisha kuelezwa ni takribani 12,000. Makadirio ya jumla hufika 80,000, na nyingi ya hizo zilizobaki zinaaminika kuwa katika udongo na misitu ya nchi za joto.